Mstari Nyuma ya Simaloi

Jumatatu, 2 Machi

Kuanzia leo mimi ni mwalimu. Yule Elinaza aliyeacha shule kidato cha tatu, aliyekwenda Levolosi mjini kuosha magari ya watu mpaka vidole vikakunjamana, leo watoto wamesimama na kumwambia "Shikamoo mwalimuuu!" kwa pamoja. Niligeuka nyuma kuangalia nani kaingia.

Ilikuwa hivi. Shule kubwa iko ng'ambo ya mto, na masika mto ukijaa watoto wadogo hawavuki. Kwa hiyo kijiji kina darasa lake upande huu, wanaliita shule shikizi, la awali na la kwanza peke yake. Mzee Gadiel, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyetoa stoo yake ya zamani ya kahawa tukae. Bure, hachukui hata senti. Mwalimu aliyekuwepo kaolewa Maji ya Chai. Wenye vyeti wakaitwa, wakasikia posho ni ndizi na maharage, wakakumbuka wana shughuli. Ndipo akili zikawarudia wazee: kuna chalii wa hapa hapa, mwandiko wake safi, sura yake inaeleweka, na hana kazi.

Mwalimu Tekla, mkuu wa shule kubwa, kanipa chaki na kitabu cha mwongozo. Kasema mwalimu huandika kila siku alichofundisha na kilichotokea. Sawa mama. Leo nimefundisha kukaa. Kilichotokea: hawakukaa.

Jumatano, 4 Machi

Nimefundisha bendera ya taifa. Nilichora ubaoni, nikaipendezesha kwa majani ya mgomba na unga wa mkaa, yaani hata Dodoma wangeikubali. Nikasema, "Hii ni ya kila raia."

"Raia ni nani?" Huyo ni Blessing, mdogo kuliko wote, hulala kila akishakunywa uji.

"Raia ni mwenye nchi."

"Mwenye nchi ni babu yake Derick," akasema. "Na hii stoo."

Darasa zima: "Ndiyooo!"

Nikacheka. Nilitafuta jibu kwenye kitabu cha mwongozo, halimo.

Halafu kuna Simaloi, mgeni. Baba yake, Koikai, ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, amekuja kutunza ng'ombe wa Mzee Gadiel. Huku kwetu ng'ombe hawatoki bandani, wanakatiwa majani wanapelekewa. Koikai anasema hiyo si kuchunga, ni kuuguza wagonjwa. Mimi humwita Daktari, naye ananitazama bila kucheka. Sasa huyu binti yake kainua mkono.

"Mwalimu, mimi nimetoka upande ule. Huku pia ni raia?"

"Mlima si ni mmoja?"

"Kwetu mlima ni mzima," akasema. "Huku umekatika."

Nikatoka nje kuangalia. Aisee! Umekatika kweli, upande mmoja umeanguka. Miaka ishirini nalala chini yake na sikuwahi kuuona hivyo.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale kwenye kiti changu. Nimehamisha kiti.

Jumatatu, 9 Machi

Kitabu kinasema watoto watunge wenyewe kanuni za darasa. Nilijua watasema tusipige kelele, tunyooshe kidole, basi, nipumzike.

Wakatunga hizi. Mtu asimcheke aliyejikojolea. Asiyekuja na kikombe aazimwe. Wanaotangulia kwenye mteremko wa kurudi nyumbani wawasubiri wa nyuma.

Nikaanza kujisikia. Nikasema moyoni, Elinaza, umelea taifa wiki moja tu. Ndipo Derick akanyoosha mkono. Derick ni mjukuu wa Mzee Gadiel, katoto ka mayai mawili asubuhi, viatu vyake vinawaka taa akitembea.

"Na mwalimu asichelewe."

"Nani kakwambia nachelewa?"

"Tulikuwa tumekaa nje, mwalimu. Tulikuona unakuja unakula muwa."

Nimeandika. Kwa mkono wangu, kwa chaki yangu, nimejitungia kosa ubaoni.

Jumatano, 11 Machi

Nimefika kabla ya wote. Derick amefika, kaniangalia, kaenda kukaa. Hakusema hata hongera.

Ijumaa, 13 Machi

Leo tumechagua kiranja, na bado sijakaa sawa.

Kiranja wa hapa ana kazi, si pambo. Ndiye anayetangulia kwenye mteremko wakati wa kurudi, utelezi ulivyo, na wote wanamfuata. Watoto hawajui kuandika majina, kwa hiyo nikafanya kama wazee walivyokuwa wakifanya zamani. Wagombea wanasimama mbele. Unayemtaka, nenda kasimame nyuma yake. Mstari mrefu umeshinda, hakuna karatasi wala mjadala.

Derick nilimsimamisha mimi. Sifichi. Mwenye stoo ni babu yake, mimi si mjinga. Nikauliza nani mwingine, nikitegemea kimya, wakamsukuma Simaloi mpaka akajikwaa mbele.

Nikasema, "Haya, kila mtu kwa mtu wake!"

Nilidhani watagawanyika. Wamekimbia upande mmoja kama maji yanavyoshuka kwenye mfereji. Mstari wa Simaloi ulipita mlangoni ukatokea nje, wa mwisho wakawa wananyeshewa na hawajali. Nyuma ya Derick alikuwepo Blessing peke yake.

"Blessing, wewe umemchagua Derick?"

"Hapana. Huku hakuvuji."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na watoto wakacheka kwa sababu mwalimu kacheka. Derick aligeuka kuangalia mstari wake. Akamwona Blessing. Akageuka tena mbele, akasimama mikono imenyooka kama nilivyowafundisha wakati wa wimbo wa taifa.

Nikauliza, "Kwa nini Simaloi?"

"Anatusubiri!"

Hilo tu. Mtu ana wiki chache hapa, baba yake hana hata mgomba, kampita mjukuu wa mwenyekiti kwa sababu anasubiri watu. Mimi kule mjini nilijua watu wanachagua kwa sababu nyingine kabisa.

Hata hivyo nimejipongeza. Uchaguzi umeisha bila ngumi.

Jumamosi, 14 Machi

Soko la Tengeru. Nimemkuta Mama kwenye ndizi zake, hajanisalimia, kaanza: "Elinaza, umemfanya nini mjukuu wa Mzee Gadiel?" Habari imefika sokoni kabla ya mimi, na mimi nilipanda bodaboda.

Jumatatu, 16 Machi

Mzee Gadiel kaja darasani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Endelea, mimi nimekuja kukaa tu."

Akakaa. Jaribu wewe kufundisha herufi M na Mzee Gadiel amekaa tu. Nimeichora M ikawa na miguu minne. Nikawapeleka watoto kwenye uji kabla ya saa yake.

"Nasikia mmefanya uchaguzi," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kitabu cha mwongozo kinasema watoto wazoezwe mapema..."

"Kitabu ndicho kilichojenga hii stoo?"

"Hapana, mzee."

Nilikuwa nimeshajipanga kwa makaripio, mimi makaripio nimezoea, Levolosi nimekaripiwa na matajiri. Lakini akavua kofia yake, akaishika magotini.

"Mama yake Derick alimwacha kwangu hajaanza kusema vizuri. Akaenda Uarabuni kutafuta kazi za ndani. Mwaka juzi simu ziliisha. Huyu mtoto hana mwingine wa kucheza naye, ana mimi. Ijumaa karudi nyumbani, kaniuliza, babu, kwa nini watu hawataki kusimama na mimi? Hajala vizuri mpaka leo. Nimjibu nini, mwalimu?"

Aliniita mwalimu.

Kisha akavaa kofia, na sauti ikawa ile ile, ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Mtarudia. Baada ya Pasaka, wazazi wakiwepo, na mimi nikiwepo. Kama watoto wa hapa hawajui nani kawapa pa kukaa, basi stoo ni stoo. Nina mahindi nyumbani yanaliwa na panya, nitayaleta humu."

Alipotoka nilisikia anamwambia Blessing afunge vifungo, kuna baridi.

Jumanne, 17 Machi

Mvua.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mto umepandisha mpaka kwenye mizizi ya ule mkuyu. Nimeusikia nikiwa kitandani. Stoo ikifungwa, watoto hawa wavuke huo? Akina Blessing? Hawatavuka. Watakaa nyumbani mpaka wawe wakubwa, halafu watakuwa mimi.

Ijumaa, 20 Machi

Nimezunguka kwa barabara ya juu mpaka daraja kubwa, nimefika kwa Mwalimu Tekla nikiwa tope mpaka kifuani. Nikamweleza yote. Nilijua huyu mama atawaka. Ndiye aliyenipa somo lenyewe! Ndiye aliyeniambia, "Uraia haufundishwi kwa midomo, Elinaza, wafanye watoto watende."

Akanimiminia chai. Akasema, "Rudia uchaguzi."

"Mwalimu?"

"Rudia. Mjukuu wa Gadiel ashinde, yaishe."

"Lakini wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema wafanye mazoezi. Sikusema umshindanishe mwenye nyumba na mchunga ng'ombe wake. Hao watoto wa upande wenu nimewatafutia pa kukaa kwa miaka, mdogo wangu. Nimepiga magoti kwenye ofisi za watu. Unataka nianze upya kwa ajili ya kiranja?"

Chai ilikuwa na tangawizi. Sikuimaliza. Njiani nikawa nasema peke yangu kama mlevi: hata Mwalimu Tekla! Nilifika nyumbani bado nasema.

Jumatatu, 23 Machi

Koikai kanisubiri kwenye migomba, panga begani, mzigo wa majani kichwani.

"Supai, Daktari," nikamtania kwa salamu ya kwao.

"Ipa," akajibu, akautua mzigo. Sijawahi kumwona akitua mzigo ili aongee na mtu. "Mwalimu, mtoe mtoto wangu kwenye huo ukubwa."

"Sikumweka mimi, kaka. Wenzake ndio waliomweka."

"Najua. Mke wangu amefurahi, anaimba akikamua. Lakini mimi nalala kwa nani? Nakula kwa nani? Mzee hajaniambia neno. Asubuhi anakuja bandani, anaangalia ng'ombe, anaangalia mimi, anaondoka. Angenitukana ningelala vizuri."

"Umemwambia Simaloi mwenyewe aache?"

Akaangalia pembeni. "Nimeshindwa. Alikuja ananionyesha anavyotembea mbele."

Kisha mzigo kichwani, akaondoka. Jina la Daktari sitalitumia tena. Leo limenitoka mdomoni, nimeliona lilivyo.

Alhamisi, 26 Machi

Kesho tunafunga kwa Pasaka. Leo nimefanya nilichoombwa. Wenzake walipotoka nikamwita Simaloi.

"Simaloi, ukiamua kumwachia Derick ukiranja, si vibaya. Kiongozi mzuri hujiuzulu."

Akafikiri. Anafikiri huku ameshika sikio.

"Wenzangu wamesema niache?"

"Hapana."

"Nimekosea kanuni?"

"Hapana, hujakosea."

"Basi mwalimu, mimi nitaachaje? Wao ndio walisimama."

Ana miaka saba! Mimi nikiwa na miaka saba nilikuwa nakula chaki. Nikamwambia nenda nyumbani, mvua inakuja, akasema bado kuna wawili wanatafuta kandambili zao, anawasubiri.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Kanisani. Mzee Gadiel kanipa mkono mbele ya watu. Nje, wazazi wamesimama vikundi vikundi, na kila kikundi nikisogea wanasema tayari wameshaongea na watoto wao. "Usijali mwalimu, wangu anajua pa kusimama." Nimekula pilau lakini haina ladha.

Mama kasema jambo moja tu, akiosha vyombo, hajaniangalia. "Zamani nikipita walikuwa wanasema huyo ni mama yake yule aliyeshindwa. Siku hizi wanasema mama mwalimu. Nimelizoea, mwanangu."

Jumatatu, 13 Aprili

Tumefungua. Wote wapo. Hakuna aliyetaja uchaguzi, na watoto hawa hutaja kila kitu, hata rangi ya choo chao.

Jumatano, 15 Aprili

Nimewaambia.

Nilitafuta maneno tangu asubuhi, nikatoka na haya: "Ijumaa wazazi wanakuja. Tutapanga mistari tena. Mkisimama nyuma ya Derick, darasa letu litabaki hapa. Mmenielewa?"

Wakaitikia, "Ndiyo mwalimu," lakini si ile ndiyo ya kuvuta.

Derick alikuwa anaangalia sakafu. Simaloi kashika sikio.

Blessing akauliza, "Kwa hiyo Ijumaa tunaigiza?"

"Ndiyo. Ni kama kuigiza."

"Na ile siku nyingine tulikuwa tunaigiza?"

Nimewahi kupigwa kofi na tajiri mmoja pale Levolosi kwa sababu nilikwaruza mlango wa gari lake, nikaona nyota. Halikuniuma hivi. Nilisema tufungue madaftari, tuandike herufi S. Tumeandika S mpaka saa ya kutoka.

Ijumaa, 17 Aprili

Nitajaribu kuandika kama ilivyotokea, nisiongeze chumvi. Haihitaji.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Wazazi walijaa, wamesimama ukutani na kwenye mlango, miavuli inachuruzika, harufu ya makoti yaliyolowa. Mzee Gadiel alikaa kwenye kiti changu, fimbo katikati ya magoti, akiizungusha mkononi. Mama alikuwepo. Koikai alisimama nje kwenye dirisha, uso tu unaonekana, hakutaka kuingia. Mwalimu Tekla hakuja, mto ulikuwa umejaa, au alisema hivyo.

Mzee Gadiel akasema, "Mwalimu, anza."

Nikawaita Derick na Simaloi mbele, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule. Nikasema, "Watoto, simameni nyuma ya mnayemtaka."

Hawakukimbia. Walitembea. Wote, mmoja mmoja, wakaenda kujipanga nyuma ya Derick, kila mmoja kamshika shati wa mbele yake kama wanavyopanga kwenda kwenye uji, na wanapita mbele ya Simaloi bila kumwangalia. Mmoja alikuwa analia huku anatembea, mama yake akamwonyesha kidole cha kunyamaza. Blessing alienda wa mwisho. Mstari ukajikunja kwenye kona kwa kukosa nafasi.

Simaloi alibaki peke yake. Alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka pembeni.

Nikamwangalia Mzee Gadiel. Nilifikiri atakuwa anafurahi, nimchukie vizuri. Hakuwa anafurahi. Alikuwa anamwangalia Simaloi, na fimbo imeacha kuzunguka mkononi.

Kikohozi kimoja kwa wazazi. Basi. Nikafungua mdomo nitangaze.

Ndipo Derick akageuka. Akauangalia mstari wake. Aliuangalia kuanzia wa kwanza mpaka ulipojikunja, macho yakasimama kwa Blessing, nikadhani atacheka, maana sasa alikuwa na kila mtu. Akageukia mbele. Akamwangalia Simaloi pale ukutani.

Akaanza kutembea.

Akakata chumba katikati, taratibu. Na wa nyuma yake, kwa kuwa kashika shati lake, akamfuata. Na wa nyuma ya huyo akamfuata. Mstari mzima ukajikunjua kutoka kwenye kona, ukapita mbele ya Mzee Gadiel, mbele ya wazazi wote midomo wazi, shati kwa shati, mpaka Derick akafika nyuma ya Simaloi. Akasimama. Akamshika shati mgongoni.

Mvua peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea na bati.

Mama mmoja akanong'ona, "Yesu wangu." Mama yangu kaziba mdomo kwa kanga, sijui analia au anacheka.

"Derick," Mzee Gadiel akasema, taratibu. "Unafanya nini?"

"Nimewaleta, babu."

"Umewaleta wapi?"

"Kwa kiranja." Kisha akaongeza, kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Wako nyuma yangu wote, babu. Angalia."

Mzee akaangalia. Sote tukaangalia. Watoto walikuwa wameanza kutabasamu, wale wa mwisho wakichungulia pembeni waone mbele kuna nini.

Nilitakiwa kutangaza. Nikamfikiria Mama na lile jina lake jipya. Nikasema, "Mstari mrefu ni wa Simaloi."

Mzee Gadiel akainuka. Hakuniangalia. Akapita kati ya wazazi, wakampisha, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Derick akaachia shati akakimbia kumfuata, viatu vinawaka mpaka vikapotea kwenye migomba. Nilimwona mzee akisimama, akamngoja mpaka akamfikia, akamfunika kwa koti lake.

Koikai hakuwepo tena dirishani.

Jumamosi, 18 Aprili

Basi tena. Nimewaona kwa macho yangu. Koikai na vijana wawili wanashuka na magunia ya mahindi kutoka kwa mzee, wanaingiza kwenye stoo, wanarudi kuchukua mengine. Nimejificha nyuma ya mti wa kahawa kama mwizi. Koikai hakupumzika hata kidogo. Nilipata wazo niende nimsaidie, halafu wazo la kwenda kumpigia magoti mzee, halafu wazo la kupanda gari nirudi Levolosi. Sikufanya hata moja.

Jumapili, 19 Aprili

Sijaenda kanisani. Mama hajauliza.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilikwenda mapema nikachukue chaki na ile bendera yangu kabla havijazikwa. Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Koikai alikuwa ndani anafagia punje.

"Mwalimu, umechelewa," akasema. Hicho ndicho alichosema, naapa.

Magunia yalikuwa yamejaa chumba kizima. Lakini hayakurundikwa. Yamelazwa safu, gunia moja moja, safu na nafasi, safu na nafasi, zote zinatazama ubao. Juu yake yametandazwa magunia matupu.

"Nani kakwambia upange hivi?"

"Mwenye mahindi. Alikuja mwenyewe akajaribu kukaa. Akasema pale mbele paliinuka sana kwa mtoto, tukapunguza."

Miezi yote watoto wamekaa sakafuni.

Wakaja. Wakasimama mlangoni kwanza, hawaamini, halafu wakaingia kwa kelele, kila mtu anataka gunia la mbele. Blessing alilala hapo hapo, hata uji bado. Na nyuma yao Mzee Gadiel, kashika mkono wa Derick, kaachia, kampitisha.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nilisema nitaweka mahindi."

"Ndiyo, mzee."

Akatazama ndani kwa muda. Akauliza, na anajua jibu, kijiji kizima kinajua: "Kiranja wenu ni nani?"

Simaloi akainuka. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Haya mahindi ni yangu. Mtu asitoboe gunia."

"Ndiyo, babu." Akageuka, akaangalia safu moja hadi nyingine, akamwona Derick amesimama wima juu ya gunia ili aonekane.

"Derick," akasema, "shuka."

Nikamwangalia mzee. Watoto wote wakamwangalia mzee. Derick akashuka.